Kuisikiliza The Easybeats kwa Santuri: Namna ya Kuchagua, Kuosha, Kupiga na Kuhamisha

Wengi huijua The Easybeats, bendi ya roki ya Australia, kwa wimbo mmoja tu, "Friday on My Mind" wa 1966, na wengi huusikia ukiwa umeharibika: nakala ya mono (sauti ya njia moja) iliyolazimishwa kuwa stereo (sauti ya njia mbili), au santuri kuukuu iliyopigwa kwa sindano isiyoifaa. Kinachopotea kwanza katika hali hiyo ni gitaa la rithimu la George Young, na hilo ndilo la kusikilizwa kuliko kitu kingine chochote katika bendi hii. Rithimu hiyo ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya roki ya Australia iliyofuata. Kwa hiyo kazi yote inayoelezwa hapa, kuanzia kununua santuri hadi kuihamishia kwenye kompyuta, ina shabaha moja: rithimu ile isikike kama ilivyorekodiwa.

Ijue kwanza safari ya bendi

Usinunue chochote kabla ya kujua bendi ilikuwa wapi mwaka gani. Lebo, ubora wa sauti na hata watunzi wa nyimbo hubadilika kufuatana na mji.

The Easybeats waliundwa Sydney mwishoni mwa 1964, na chimbuko lao ni kambi ya wahamiaji ya Villawood. Kati ya wanamuziki watano hakuna aliyezaliwa Australia. Stevie Wright, mwimbaji, alizaliwa Leeds, na Gordon Fleet, mpiga dramu aliyejulikana kama Snowy, alitoka Liverpool, yote miji ya Uingereza. George Young wa rithimu alitoka Glasgow, Scotland. Harry Vanda wa solo alizaliwa The Hague, na Dick Diamonde wa besi Hilversum, wote wawili wakiwa Waholanzi. Ted Albert, wa ukoo uliomiliki kampuni ya uchapishaji wa muziki ya J. Albert & Son, aliwachukua chini ya Albert Productions, na santuri zao zikatolewa na EMI kwa lebo ya Parlophone.

Kipindi cha Sydney kinaanza Machi 1965 na singo (sahani ndogo ya wimbo mmoja kila upande) ya "For My Woman", kisha "She's So Fine" iliyowafanya wajulikane nchi nzima. Zikafuata "Wedding Ring", "Women (Make You Feel Alright)", "Come and See Her" na "Sorry". Nyingi kati ya hizi zilitungwa na Wright pamoja na Young. Albamu za wakati huo ni tatu: Easy (1965), It's 2 Easy (1966) na Volume 3 (1966). Usiisahau EP ya Easyfever ya 1966. Ni sahani ndogo yenye nyimbo nne, na mmoja wao, "I'll Make You Happy", ulirudiwa miaka mingi baadaye na bendi ya Divinyls.

Julai 1966 walihamia London. Rekodi za kwanza walizofanya huko na Ted Albert zilikataliwa na kampuni ya United Artists, ndipo akaletwa Shel Talmy, produsa aliyekwisha kufanya kazi na The Kinks na The Who. Matunda yake yalikuwa "Friday on My Mind", iliyofika namba 6 Uingereza, namba 16 Marekani na namba 1 Australia. Tangu hapo utunzi ukawa wa Vanda na Young. Vanda alifika Australia akiwa msemaji wa Kiholanzi, na Kiingereza chake kilipokomaa ndipo nafasi hiyo ilipomfungukia.

Miaka ya 1967 na 1968 ndiyo inayomchanganya msikilizaji mgeni. Fleet aliondoka, Tony Cahill akashika dramu, na bendi ikawa inabadilika sauti kutoka singo moja hadi nyingine: "Heaven & Hell", "The Music Goes Round My Head", halafu wimbo mtulivu wenye vinanda vya nyuzi, "Hello, How Are You", uliofika namba 20 Uingereza. Mwaka huohuo wa 1968 wakatoa "Good Times", roki tupu, Steve Marriott wa Small Faces akisaidia kuitikia. Ukizipiga moja baada ya nyingine bila kujua tarehe utadhani ni bendi nne tofauti. Albamu ya mwisho, Friends (1969, lebo ya Polydor), kwa sehemu kubwa ni demo (rekodi za majaribio) za Vanda na Young. Bendi kamili husikika vizuri zaidi kwenye singo ya "St. Louis". Baada ya ziara ya Australia mwishoni mwa 1969 walivunjika.

Nunua nini kwanza

Kwa kipindi cha Sydney, nunua singo kabla ya albamu. Sababu ni ya kifizikia, ingawa singo pia hupendeza machoni. Sahani inayozunguka mara 45 kwa dakika hupitisha mfereji mrefu zaidi chini ya sindano kwa kila sekunde kuliko ile ya 33⅓ katika umbali uleule kutoka katikati, na wimbo wa dakika mbili na nusu huachia nafasi ya kuchonga mifereji mipana yenye sauti kubwa. Mpigo wa gitaa la rithimu, ule mkwaruzo mfupi wa plektra (kipande cha kupigia gitaa) kwenye nyuzi zilizobanwa, unakaa kwenye sauti za juu, na sauti za juu ndizo zinazonufaika zaidi na kasi. Piga "Sorry" kutoka kwenye singo, kisha uipige kutoka kwenye mkusanyiko wa nyimbo ishirini uliobanwa kwenye sahani moja. Utaona gitaa linavyorudi nyuma.

Kwa kipindi cha London tafuta singo ya United Artists ya Uingereza, namba UP 1157, au ya Marekani, UA 50106. Albamu ya huko iliitwa Good Friday Uingereza na Friday on My Mind Marekani, na herufi za mwanzo za namba ndizo zinazosema ukweli kuhusu sauti. Uingereza, ULP 1167 ni mono na SULP 1167 ni stereo. Marekani, UAL 3588 ni mono na UAS 6588 ni stereo. Muuzaji akikuandikia jina la albamu peke yake, mwombe namba. Albamu za Australia za wakati ule zina herufi PMDO, ambazo ni mono.

Kama huna nia ya kusaka nakala za zamani, Absolute Anthology, sahani mbili zilizotolewa na Albert mwaka 1980, inatosha kukupa safari nzima. Baada yake tafuta The Shame Just Drained ya 1977, yenye nyimbo za Vanda na Young ambazo hazikuwahi kutoka bendi ilipokuwa hai. Hii ya pili isiwe ya kwanza kununua, kwa sababu inaeleweka tu kwa mtu anayejua tayari bendi ilikuwa inajaribu kwenda wapi.

Kutambua nakala ya kwanza

Soma maandishi madogo ukingoni mwa karatasi ya katikati. Nakala zilizochapwa New Zealand hufanana sana na za Australia kwa lebo na rangi, na maandishi hayo ya nchi ndiyo huzitofautisha. Si mbaya kwa kusikiliza, lakini usilipe bei ya nakala ya Australia.

Halafu inamisha sahani chini ya taa moja yenye mwanga wa ubavuni na usome namba zilizochongwa kwenye sehemu tupu kati ya wimbo na karatasi. Namba hizo ndizo za sahani mama iliyotumika kuchapa. Karatasi inaweza kubandikwa kimakosa, lakini namba ya mchongo haidanganyi ni wimbo gani uliomo. Singo mbili zenye lebo sawa na michongo tofauti zitatofautiana sauti.

Kidokezo kimoja cha kupendeza kwa wanaokusanya majalada ya albamu: Australia iliacha pauni na shilingi ikaingia dola tarehe 14 Februari 1966. Kibandiko cha zamani cha duka chenye bei ya shilingi kwenye jalada la Easy kinapatana na mwaka wake. Kikiwa kwenye jalada la Volume 3, kibandiko au jalada moja limetoka kwingine.

Jihadhari na neno stereo kwenye matoleo ya baadaye ya nyimbo za 1965. Palikuwa na desturi ya kuchukua rekodi ya mono, kusukuma besi upande mmoja na sauti za juu upande mwingine, kisha kuandika stereo. Matokeo yake ni mwimbaji anayesikika kama yuko ndani ya pipa na gitaa lisilo na mahali. Njia ya kuthibitisha ipo, na imeelezwa kwenye sehemu ya kuhamisha.

Kukagua hali yake

Wauzaji hutumia herufi. M ni mpya kabisa, NM ni karibu mpya, VG+ ina alama nyepesi, VG ina mikwaruzo inayosikika lakini wimbo bado unatawala, na G, pamoja na jina lake zuri, ni sahani iliyochoka. Kwa singo za bendi hii, VG+ ndiyo shabaha ya busara. Zilipigwa kwenye sherehe za vijana, kwenye mashine nzito ambazo mkono wake ulikandamiza gramu nyingi kuliko za leo, na NM ya kweli ni nadra.

Kosa la kawaida ni kuogopa mkwaruzo na kupuuza uchakavu. Mkwaruzo mmoja unaoonekana huenda ukatoa mlio mdogo mara chache, na mlio huo unaondolewa kwenye kompyuta kwa dakika tano. Mfereji uliolika hauna dawa. Unautambua kwa rangi: sehemu zenye sauti kubwa huwa za kijivu badala ya kung'aa, hasa karibu na mwisho wa wimbo, ambako mfereji ni mfupi na sindano hubanwa zaidi. Sahani nyeusi inayong'aa yenye mkwaruzo mmoja ni bora kuliko sahani safi iliyofifia.

Angalia pia tundu la katikati. Likiwa limetobolewa pembeni kidogo, noti ndefu huyumba juu na chini. Weka sahani izunguke na utazame mkono wa sindano kutoka mbele: ukiyumba kushoto na kulia kwa kila mzunguko, tundu haliko katikati. Nusu milimita tu ya kupotoka, sindano ikiwa milimita 70 kutoka katikati, huyumbisha sauti kwa takriban asilimia 0.7 kila upande. Sikio la mpiga gitaa hulikamata hilo mara moja.

Kuosha

Kabla ya maji, jua sahani imetengenezwa kwa nini. Singo nyingi za Marekani za miaka hiyo zilikuwa za polistaireni, si vinaili. Polistaireni ni ngumu, haipindiki, na ukiigonga kwa ukucha hulia kwa sauti kali zaidi. Usiiguse kwa alkoholi kabisa, kwa kuwa huweza kuiharibu. Iliyo ya vinaili huvumilia mchanganyiko wenye alkoholi kidogo.

1. Changanya mililita 800 za maji yaliyokenekwa na mililita 200 za alkoholi ya isopropili, pamoja na matone 5 ya sabuni ya maji isiyo na rangi wala manukato. Kwa polistaireni acha alkoholi, jaza maji hadi lita moja.
2. Funika karatasi ya katikati kwa kifuniko cha mpira au plastiki. Rangi za lebo za miaka ya sitini huyeyuka haraka, na lebo iliyolowa hushusha thamani kuliko mkwaruzo.
3. Ondoa vumbi kavu kwanza kwa brashi laini. Ukilowesha vumbi unapata tope, na tope huingia ndani ya mfereji.
4. Paka mchanganyiko, usugue kwa brashi ya nyuzi laini kwa kufuata mzunguko wa mfereji, mizunguko kumi kwenda na kumi kurudi. Usikatishe mifereji kwa kusugua kutoka katikati kwenda ukingoni.
5. Suuza mara mbili kwa maji yaliyokenekwa matupu. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo husababisha lile tatizo la sindano kukusanya utepe mweupe: sabuni iliyobaki hukauka ndani ya mfereji.
6. Futa kwa kitambaa cha nyuzi ndogondogo, kisha uisimamishe sahani ikauke yenyewe kwa nusu saa au zaidi.

Maji ya bomba yasitumike kusuuza, maana chokaa iliyomo hubaki kama chembe, na kila chembe ni mlio. Maji moto nayo ni hatari. Yakiwa moto sana, vinaili huweza kupinda.

Baada ya kuosha, usirudishe sahani kwenye mfuko wake wa zamani wa karatasi. Tumia mfuko wa ndani wa polithini, na mfuko wa zamani uuhifadhi nyuma ya jalada. Mifuko ya PVC, ile laini yenye harufu ya plastiki, hutoa kemikali zinazoacha ukungu juu ya sahani, na ukungu huo hausafishiki. Zisimamishe wima, zisiegemee.

Kupiga: sindano, uzito, kasi

Santuri ya mono imechongwa ili sindano itikisike kushoto na kulia tu. Kichwa (kifaa kinachobeba sindano) cha stereo husoma pia mtikisiko wa juu na chini, na kwenye sahani ya mono mtikisiko huo hauna muziki ndani yake. Ni kelele tupu: vumbi, uchakavu, mngurumo wa mota. Ndiyo maana kitufe cha mono kwenye amplifaya kina thamani kubwa kwa bendi hii. Ukikibonyeza, kelele za wima hujifuta na muziki unabaki ulivyo. Kama amplifaya haina kitufe hicho, acha stereo na ufanye kazi hiyo kwenye kompyuta. Kuunganisha nyaya mbili za priampu (kikuzaji cha sauti ya santuri kabla ya amplifaya) moja kwa moja kuwa moja si wazo zuri, kwa sababu kila upande unaanza kuusukuma mwenzake na sauti hupotoka.

Ncha ya sindano ina ukubwa. Ya kawaida ya mviringo ina mikroni 18, ya mono ya zamani mikroni 25. Kwa sahani safi za 1965 na 1966 hiyo ya 18 inafaa kabisa. Kwa sahani iliyolika jaribu ya 25. Inakaa juu zaidi kwenye kuta za mfereji, na mara nyingi hukuta sehemu ambayo sindano za zamani hazikuigusa. Tofauti inaweza kushangaza: wimbo uliokuwa ukikwaruza kwenye kila "s" ya Stevie Wright unatulia ghafla.

Fuata uzito uliotajwa na mtengenezaji wa kichwa, na ulenge nusu ya juu ya kiwango chake. Kikisema gramu 1.5 hadi 2, weka 1.8 au 2. Watu hupunguza uzito wakidhani wanaihurumia sahani. Kinyume chake ndicho kinachotokea: sindano nyepesi mno huruka ndani ya mfereji na kugonga kuta, na nyimbo zenye sauti kubwa kama "Good Times" ndizo huumia kwanza. Ncha ya almasi ya mviringo ibadilishwe baada ya saa 500 hivi za kupiga.

Kasi ikaguliwe kwa karatasi ya mistari chini ya taa inayopepesa kwa umeme wa nyumba. Kwenye umeme wa hezi 50, mistari 180 ni ya 33⅓ na mistari 133 ni ya 45. Kwenye hezi 60 ni 216 na 160. Mistari ikisimama tuli, kasi ni sawa. Taa nyingi za LED hazipepesi inavyotakiwa, hivyo tumia taa ndogo ya neoni. Kasi ikizidi kwa karibu asilimia 6, wimbo mzima umepanda nusu toni, na mtu anayejifunza gitaa kwa kufuata santuri hiyo atahangaika bure na nyuzi zake.

Kuhamishia kwenye kompyuta

Rekodi kwa stereo hata kama sahani ni mono. Weka biti 24 na kiwango cha sampuli 96,000 kwa sekunde. 48,000 pia inatosha. Acha muziki wenyewe ufike kama desibeli 12 chini ya ukomo, kwa sababu milio ya mikwaruzo itapanda juu yake. Zima kila kitu kinachojirekebisha chenyewe, hasa kidhibiti sauti cha moja kwa moja. Mngurumo wa chini usiokwisha karibu kila mara ni waya wa ardhi ambao haujafungwa kwenye skrubu ya priampu.

Kabla ya kuunganisha pande mbili kuwa moja, fanya jaribio hili. Nakili faili, pindua wimbi la upande mmoja kinyume, kisha uchanganye pande zote. Kama sahani ni mono ya kweli, muziki utafutika na kubaki kelele peke yake. Rekebisha kiasi cha upande mmoja, robo desibeli kwa robo desibeli, hadi sauti inayobaki iwe ndogo kabisa, na utumie kiasi hichohicho kwenye faili asili. Besi ikibaki na gitaa likasikika kama linapita kwenye bomba, uliyo nayo ni stereo ya kubuni, na hakuna sababu ya kuendelea nayo.

Ikiwa sauti za juu peke yake hazifutiki, huenda sindano haijakaa sawa ndani ya mfereji. Kuta mbili za mfereji zinasomwa kwa wakati tofauti kidogo, na ukiziunganisha hivyo unaua mkwaruzo uleule wa plektra tunaoutafuta. Rekebisha mkao wa kichwa, urekodi upya. Kurekebisha kwa programu kunawezekana kwa kusogeza upande mmoja sampuli moja au mbili, lakini kurekodi upya ni bora.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitumii: katika mono, kuta zote mbili zina wimbo uleule. Ukuta mmoja ukiwa umelika, usiunganishe. Tupa upande mbovu, tumia ule mzima. Unaweza hata kubadilisha katikati ya wimbo, beti za kwanza kutoka kulia na za mwisho kutoka kushoto, bila msikilizaji kujua.

Milio iondolewe mmojammoja kwa mkono. Programu ya kuondoa mikwaruzo kwa mkupuo haiwezi kutofautisha mkwaruzo wa sahani na mpigo mkavu wa gitaa au fimbo ya dramu, na kwenye "Sorry" itakula vyote viwili. Usikae kwenye kelele ya chini ya sahani. Ile iache. Hifadhi nakala mbili kama FLAC (aina ya faili isiyopunguza ubora wa sauti): moja ghafi, isiyoguswa, na nyingine iliyosafishwa. Kwenye maelezo ya faili andika namba ya santuri, mchongo, nchi, sindano na uzito uliotumia.

Kusikiliza kwa mpangilio

Sasa kaa na sauti ya mono itokayo kwenye spika moja. Mbili hazihitajiki.

Anza na "Sorry". Msahau Wright kwa mzunguko wa kwanza, ufuate gitaa linalokata nyuzi zilizobanwa. Sikiliza mahali linaponyamaza, maana ukimya huo ndio unaoipa dramu ya Fleet nafasi. Kisha "Friday on My Mind". Hapa magitaa mawili yanashonana kwa noti fupifupi huku beti zikihesabu siku za juma la mfanyakazi kuanzia Jumatatu. Beti ziko kwenye maina, ngazi ya sauti yenye huzuni, na zimebana. Kiitikio kinapofunguka kuwa meja, ngazi yenye furaha, ndiyo jioni ya Ijumaa imefika, na mabadiliko hayo ya sauti yanafanya kazi kubwa kuliko maneno. Chama cha haki za watunzi, APRA, kiliutaja mwaka 2001 kuwa wimbo bora wa Australia wa miaka 75. David Bowie aliurudia kwenye Pin Ups ya 1973. Linganisha hizo mbili na utaona jinsi wimbo unavyotegemea ukavu wa magitaa ya asili.

Halafu vuka muongo. Vanda na Young walirudi Sydney kuwa maprodusa wa Albert. Walimtungia Stevie Wright "Evie" (1974), wimbo wa sehemu tatu wenye dakika kama 11, na John Paul Young "Love Is in the Air". Huyu Young si ndugu wa George, ingawa naye alizaliwa Glasgow, na kosa hilo limejaa kila mahali. Ndugu wa kweli wa George ni Malcolm na Angus, wapiga gitaa wa bendi ya AC/DC. Vanda na George walitayarisha albamu za AC/DC za miaka ya 1975 hadi 1978, na kwenye High Voltage ya kwanza ya Australia George mwenyewe alipiga besi katika nyimbo nyingi. Gitaa la Gretsch alilopiga Malcolm lilikuwa kwanza la Harry Vanda. Piga "Sorry", kisha piga wimbo wowote wa Let There Be Rock (1977), ukifuata rithimu peke yake. Malcolm naye anajua pa kunyamaza.

Mwisho weka "Good Times" ya 1968 kando ya ile ya INXS na Jimmy Barnes ya 1986. Sawazisha kwanza kiasi cha sauti hadi tofauti isizidi desibeli moja, kwani toleo jipya limerekodiwa kwa nguvu zaidi na sikio hupendelea chenye nguvu. Zikiwa sawa, fuata piano ya Nicky Hopkins kwenye ile ya zamani, halafu Marriott anapopenya nyuma ya Wright. Kwa mfereji safi na sindano iliyosimama wima, sauti ya Marriott husikika ikitoka nyuma kabisa ya chumba, mbali na maikrofoni.